Hamsini na Saba, Mabokweni

Lori la saruji lilinikonyeza taa mara mbili.
Nikadhani dereva ananisalimu,
nikamkonyeza nami.
Ndio ugeni huo:
unaonywa, unaitikia salamu.

Akachomoza kwenye mkonge, mweupe pe,
mkono mmoja juu, wa pili umeshika tochi,
ile tochi isiyomulika, inayohesabu.
"Hamsini na saba, mama. Hapa hamsini."
Nami, kwa ulimi wangu wa Ukunda:
"Sasa afande, si ni saba tu?"
Akanitazama. Akatazama namba ya gari,
herufi K imekaa mbele kama pua.
"Kwenu watu hawasalimiani?"

Nikashuka, nikaanza upya:
za asubuhi, pole na kazi, pole na jua,
samahani, naomba, nisaidie.
Maneno haya nilinyonya nayo,
ila kivuko cha Likoni, miaka ishirini ya foleni,
kilinisagia yote nikabaki na makapi.

Leseni akaisoma mpaka mgongoni.
Ndani yake elfu tano, mkunjo wa shemeji:
"Wa ng'ambo wale, weka tu, hutasimama sana."
Akaitoa kwa ncha za vidole,
akaiweka juu ya boneti, akaikandamiza kwa jiwe.
"Umesahau hela yako."
Nilitamani upepo uje uichukue.
Haukuja.

Bima ya manjano ipo. Karatasi ya forodha ipo.
Kizima moto akakitikisa kama nazi.
Pembetatu?
Pembetatu zilikuwa chini ya mikeka,
mikeka chini ya masufuria,
masufuria yamejaa kanga za kugawa.
Basi nikapakua arobaini ya shangazi Nimwaka,
kitu kimoja kimoja, kando ya lami,
na wapita njia wakanipa pole
bila kujua ni ya msiba au ya trafiki.

Mtandao umelala. Namba ya malipo haitoki.
Tukakaa upande wa gari wenye kivuli,
mimi, yeye, na jina kifuani mwake: SIKAZWE.
Wa Sumbawanga. Mwezi wa pili hapa.
Samaki wa huku, alisema, wana miiba mingi.

Ndipo ikaja bodaboda na bibi nyuma,
kichwani ukaya, kofia ngumu mapajani
imejaa mayai.
Akaisimamisha. Bibi akafunguka,
Kidigo kitupu, hakupumzika hata kumeza mate.
Sikazwe akanigeukia taratibu.
"Mama, unaelewa?"

Nilielewa.
Kwamba kichwa hiki kimebeba kuni miaka sitini,
hakina haja ya bakuli la mtoto wa watu.
Kwamba dzuwa limempiga kijana utosini.
Na jambo moja kuhusu suruali yake.

"Anasema kofia inambana, afande. Anaomba radhi."

Bibi akacheka hadi mayai yakagongana.
Akaniita mdzukulu, akauliza wa nani,
nikamtajia. Akataja nyumba, akataja kisima,
akamtaja nyanya yangu kwa jina la utani
ambalo kwetu hulitaja watu watatu tu, wote wazee.
"Mnajuana?" akauliza Sikazwe.
"Ndio kwanza tunaonana."
Akatazama tena ile K.
Akakaa kimya kidogo, kama mtu anayejumlisha.

Bibi aliambiwa avae kofia. Mayai akanipa mimi niyapakate,
akaivaa kinyumenyume, wakaondoka.
Mayai yakabaki kwangu.

Kisha mashine ikaamka, ikatoa ulimi wa karatasi:
elfu thelathini, mwendo kasi, dereva mgeni.
Nikalipa. Nikafungasha msiba wangu.
Ile elfu tano bado iko chini ya jiwe;
nikaichukua kwa haya, kama nguo ya ndani
iliyoangukia uani kwa jirani.

Nimeshawasha gari, akainama dirishani.
"Lile neno. Dzuwa. Ni tusi?"
"Ni jua, afande."
"Jua hili?"
"Hilo hilo."
Akaangalia juu, mkono usoni,
akalitamka mara mbili, akikosea zote mbili,
na nyuma yangu gari jingine
likaja mbio.